Redio Zisizosikilizana

Mlima Kilimanjaro una njia nyingi za kupandia, na katika kila mwezi wa mwaka kuna watu juu yake. Kuna wageni watakao kufika kilele cha Uhuru, chenye kimo cha mita 5,895. Kuna waongozaji, wapagazi wachukuao mizigo, wapishi, na askari wa hifadhi. Watu hao hawaendi pamoja wakati wote. Mpagazi aliyetangulia huenda amekwisha kufika kambini na kupiga hema, hali mwongozaji wa nyuma yu bado njiani na mgeni aliyechoka. Kati yao kuna makorongo, mawe na ukungu, na sauti ya mtu haifiki. Zamani mbiu ilipolia watu walijua kwamba kuna jambo, lakini mbiu haikuweza kueleza jambo lenyewe ni nini. Siku hizi watu wa mlimani hupashana habari kwa redio ya upepo.

Redio ya upepo si kama redio ya nyumbani. Redio ya nyumbani husikia tu; hupokea habari na nyimbo kutoka kituo kikubwa, wala haiwezi kujibu. Redio ya upepo husikia na kusema. Mwenye nayo hubonyeza kitufe ubavuni mwake, husema maneno yake, kisha huachia kitufe ili amsikilize mwenzake. Wawili hawasemi kwa mara moja. Mmoja akisema, mwingine hungoja, kama watu wenye adabu wanavyozungumza. Tena redio hizo zaweza kusemezana zenyewe kwa zenyewe bila mnara wa simu. Ni kweli kwamba mwezi wa Agosti mwaka 2022 intaneti ilifikishwa Horombo, mahali penye kimo cha mita 3,720. Hata hivyo simu ya mkononi haina nguvu katika kila korongo, na redio ya upepo ingali na kazi yake.

Redio mpya ni ghali. Kwa hiyo vikundi vingi hununua redio zilizokwisha kutumika. Kununua kitu kilichotumika si kosa. Mwenye busara aweza kupata kitu kizuri kwa fedha kidogo. Lakini redio ina siri moja isiyoonekana kwa macho, na asiyeijua siri hiyo aweza kutupa fedha zake zote. Siri hiyo ni masafa.

HASARA MBILI

Fikiri juu ya wapagazi kumi wa Marangu waliochanga fedha zao za msimu mzima. Wanazo redio tatu, nao wataka tatu zaidi. Wanashuka Moshi mjini, wanaziona redio safi, nyeusi, zenye betri nzuri. Muuzaji anaziwasha, taa inawaka, sauti ya “shaa” inasikika. Anazijaribu mbili kati ya hizo tatu, nazo zinasemezana vizuri. Wapagazi wanafurahi, wanalipa, wanarudi nyumbani. Juma lililofuata wako mlimani. Mwenye redio mpya anaita, tena anaita, wala mwenye redio ya zamani hajibu. Yule wa zamani naye anaita, na yule mwenye mpya hasikii kitu.

Je, redio hizo ni mbovu? La, zote sita ni nzima. Redio tatu za kwanza zafanya kazi katika masafa ya megahezi 150 na zaidi kidogo, na tatu za pili katika megahezi 450 na zaidi kidogo. Zile za kwanza zasikilizana zenyewe, na zile za pili zenyewe. Lakini kundi na kundi ni viziwi kati yao.

Hasara ya kwanza ni ya fedha. Hasara ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Mtu apandapo juu sana kwa haraka huweza kushikwa na ugonjwa wa kimo: kichwa humwuma, hutapika, huyumba, na ugonjwa ukizidi hufa. Dawa yake kubwa ni kumshusha upesi. Pale Kibo, kwenye vibanda vilivyo karibu mita 4,700 juu ya bahari, mgonjwa huteremshwa kwa machela yenye gurudumu moja kuelekea Horombo. Wa chini wasipopata habari kwa wakati, saa nzima yaweza kupotea, na saa hiyo yaweza kuwa ya uhai au ya mauti.

Kadhalika mwaka 2020, tarehe 11 Oktoba, moto ulianza kuwaka katika vichaka vya mlima, ukaendelea siku nyingi. Mamia ya watu walipanda kuuzima: watumishi wa hifadhi, wanafunzi wa chuo cha Mweka, na wanavijiji. Katika kazi ya namna hiyo upepo hugeuka ghafula, na walio upande mmoja lazima wawaambie wa upande wa pili. Redio isiyosikilizana na nyingine ni mzigo tu begani.

MASAFA NI NINI

Tupa jiwe katika bwawa la maji yaliyotulia. Utaona mawimbi yakitoka pale lilipoanguka na kwenda mbali. Redio nayo hutoa mawimbi, ila hayo hayaonekani, wala hayahitaji maji wala hewa. Mjerumani Heinrich Hertz aliyathibitisha kwa majaribio yake kati ya miaka 1886 na 1888. Mwendo wake ni kilomita 300,000 kwa nukta moja. Kama yangeweza kuizunguka dunia, katika nukta moja yangeizunguka mara saba na zaidi.

Hesabu ya mawimbi yanayopita mahali pamoja katika nukta moja ndiyo iitwayo masafa. Wimbi moja kwa nukta ni hezi moja, nalo jina hilo limetoka katika jina la Hertz. Mawimbi milioni moja kwa nukta ni megahezi moja. Basi redio ya megahezi 150 hutoa mawimbi milioni 150 katika kila nukta.

Urefu wa wimbi moja hupatikana kwa hesabu nyepesi: chukua 300, ugawanye kwa megahezi. Ukigawanya 300 kwa 150 utapata 2. Basi wimbi la megahezi 150 lina urefu wa mita 2. Ukigawanya 300 kwa 450 utapata theluthi mbili za mita, yaani sentimita 67 hivi. Antena ya redio hutengenezwa kulingana na urefu huo. Ndiyo sababu antena ya redio ya 150 haifai kwa redio ya 450, hata kama skrubu zake zaingiana.

Kwa nini redio ya masafa haya isisikie masafa yale? Chukua zeze mbili, uzikaze nyuzi zake mpaka zitoe sauti iliyo sawasawa kabisa, uziweke karibu. Piga uzi wa zeze moja. Uzi wa zeze ya pili utatetemeka wenyewe. Sasa ulegeze uzi mmoja, upige tena. Ule wa pili utakaa kimya. Redio ni vivyo hivyo. Ndani yake mna vifaa vilivyotengwa kwa masafa fulani, na mawimbi ya masafa mengine hupita kama hayakuwapo.

MASAFA NI KAMA MAJI YA MFEREJI

Watu wa Uchagani tangu zamani walichimba mifereji ya kuleta maji kutoka mito ya mlimani mpaka mashambani. Kila mfereji una wenyewe, na kila shamba lina zamu yake. Kama kila mtu angefungua maji apendavyo, wa juu wangeyamaliza, wa chini wangekosa, na ugomvi ungekuwa kila siku. Kwa hiyo wako wazee wa mfereji wanaogawa zamu.

Masafa nayo hugawanywa. Ndege zinazotua katika Kiwanja cha Kilimanjaro hutumia masafa kati ya megahezi 118 na 137. Meli za baharini zina yao, yaliyo kati ya 156 na 162 hivi. Polisi, hospitali, makampuni na vikundi vingine kila kimoja kina sehemu yake. Katika Tanzania mgawaji wa masafa ni Mamlaka ya Mawasiliano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Kikundi kitakacho kutumia redio za upepo huomba leseni kwake, nacho huandikiwa masafa yake. Ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Anayesema katika masafa asiyopewa ni kama afunguaye maji ya zamu ya mwenzake usiku: huvunja sheria, tena aweza kumzuia mwenye dhiki asisikiwe.

MAMBO YA KUANGALIA KABLA YA KULIPA

Jambo la kwanza, ujue masafa yako kabla ya kutoka nyumbani. Mtu haendi kununua kiatu cha mwanawe bila kujua kipimo cha mguu. Vivyo hivyo kikundi chapaswa kuandika katika karatasi masafa yaliyo katika leseni yake, na namna ya redio ilizo nazo. Karatasi hiyo ichukuliwe mpaka dukani. Asiyekuwa nayo atategemea maneno ya muuzaji, na muuzaji hajui mahitaji ya mnunuzi.

Jambo la pili, usome kibandiko. Ondoa betri, utazame mgongo wa redio. Pale huandikwa namba ya muundo, na mara nyingi mipaka ya masafa pia. Redio nyingi za mkononi za kazi ni za namna mbili. Za kwanza huitwa VHF, nazo kwa kawaida ziko kati ya megahezi 136 na 174. Za pili huitwa UHF, nazo nyingi ziko juu ya megahezi 400. VHF na UHF hazisemezani kamwe, kama katika mfano wa wapagazi wale.

Usitazame sura. Redio ya Kenwood TK-2202 na redio ya Kenwood TK-3202 zafanana kama mapacha, lakini ya kwanza ni VHF na ya pili ni UHF. Redio ya Motorola GP340 ni mtego zaidi, maana jina hilo moja lilitiwa katika redio za VHF na za UHF pia. Jina la mbele halitoshi. Ile namba ndefu ya nyuma ndiyo yenye kusema kweli. Kama kibandiko kimebanduliwa au kimefutika, mnunuzi mwenye busara huiacha redio hiyo, au huipeleka kwa fundi kwanza. Tena usidanganywe na urefu wa antena. Ni kweli kwamba wimbi refu hutaka antena ndefu, lakini antena nyingi zina waya uliosokotwa ndani ili ziwe fupi, na mtu aweza kuwa ameibadili.

Jambo la tatu, usiridhike na herufi peke yake; tazama tarakimu. Redio mbili zaweza kuwa za UHF zote mbili na bado zisisikilizane. Moja huanza megahezi 403 na kuishia 470. Nyingine huanza 450 na kuishia 512. Kama masafa ya kikundi ni 420, ile ya kwanza itafaa, ya pili haitafaa, ijapokuwa muuzaji anaapa kwamba zote ni UHF. Naye hasemi uongo. Amesema nusu tu ya kweli.

Jambo la nne, uulize kama kuna masafa mawili. Mahali penye milima watu huweka juu ya kilima mashine ya kupokezana sauti. Mashine hiyo husikia katika masafa mamoja, na papo hapo huyasema maneno yale yale katika masafa mengine, kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo redio ya mpagazi lazima iweze kusema katika yale ya kwanza na kusikia katika yale ya pili. Chukua mfano wa hesabu tu: kikundi husema katika 142 na kusikia katika 147. Wakinunua redio iliyo kati ya 146 na 174, itasikia kila neno la wenzao, lakini haitaweza kuwajibu. Hiyo ni hatari kuliko redio iliyo kimya kabisa, maana mwenye nayo hudhani kwamba naye anasikiwa.

Jambo la tano, uulize redio imetoka wapi. Ulaya kuna redio ndogo ambazo kila mtu aruhusiwa kutumia bila leseni, katika megahezi 446, zenye nguvu ya nusu wati tu. Marekani redio ndogo za namna hiyo hutumia megahezi 462 na 467. Redio hizo hufungwa kiwandani katika masafa yake, na kazi yake ni mazungumzo ya karibu. Wageni huja nazo, na nyingine huachwa au huuzwa. Kuruhusiwa Ulaya au Marekani si kuruhusiwa Tanzania. Redio za ndege nazo na za meli zisinunuliwe kwa kazi ya mlimani, hata zikiuzwa kwa bei ya bure. Ile ya ndege hubeba sauti kwa namna nyingine kabisa, na mtu akiibonyeza ovyo aweza kumsumbua rubani atuaye.

Jambo la sita, uulize upana wa chaneli. Kila mazungumzo huchukua nafasi katika masafa, kama mtu achukuavyo nafasi katika benchi. Zamani nafasi hiyo ilikuwa kilohezi 25. Watu walipozidi kuwa wengi, katika nchi nyingi ilipunguzwa ikawa kilohezi 12.5, ili wawili wakae palipokaa mmoja. Marekani waliwaagiza watumiaji wengi wa redio za kazi kubadili kabla ya tarehe 1 Januari 2013. Redio zisizojua ila ule upana wa zamani hazikufaa tena huko. Redio pana ikisemea redio nyembamba, sauti hukwaruza na kukatika. Redio nyembamba ikisemea pana, sauti huwa ndogo. Basi zote ziwe na upana ulioandikwa katika leseni.

Jambo la saba, uulize habari ya mlio wa siri. Redio nyingi huongeza chini ya sauti ya msemaji mlio mzito, kati ya hezi 67 na hezi 254.1, ambao masikio hayautambui. Redio inayosikiliza ni kama mwenye nyumba asiyefungua mlango mpaka asikie hodi anayoijua. Mlio usipokuwa sawasawa, redio hukaa kimya ijapokuwa masafa ni yale yale. Hili halina hasara kubwa, maana fundi aweza kulisahihisha kwa dakika chache. Lakini asiyelijua aweza kuitupa redio nzima akidhani ni mbovu.

Jambo la nane, uulize kama redio ni ya namna ya zamani au ya tarakimu. Redio ya zamani hubeba sauti kama ilivyo. Redio ya tarakimu huigeuza sauti kuwa hesabu, na ile ipokeayo huigeuza hesabu kuwa sauti tena. Namna za kuigeuza ni nyingi. Moja iitwayo DMR ilipangwa Ulaya mwaka 2005. Nyingine, TETRA, yatumika sana na polisi wa nchi za Ulaya. Mwenye DMR na mwenye TETRA ni kama Mchaga na Mjaluo waliokutana njiani kila mmoja akijua lugha ya kwao tu: njia ni moja, lakini maneno hayaeleweki.

KUTIA CHANELI NA KUJARIBU

Redio nyingi za kazi hazina vitufe vya kuandikia masafa. Chaneli zake hutiwa na fundi kwa kompyuta, kwa waya maalumu na programu ya redio ile. Mwenye redio wa kwanza huenda aliifunga kwa neno la siri, na asiyelijua neno hilo hawezi kuibadili. Kwa hiyo mnunuzi asikubali ahadi ya kwamba “fundi atatia baadaye.” Atake chaneli za kikundi chake zitiwe kwanza, naye aone kwa macho. Kama hazikubali kutiwa, redio hiyo si ya kazi yake.

Kisha ajaribu. Kuwasha taa si kujaribu. Kusikia “shaa” si kujaribu. Kuzijaribu mbili za muuzaji, moja kwa moja, nako hakutoshi, kama wapagazi wa Marangu walivyoona. Jaribio la kweli ni hili: mnunuzi aje na redio yake ya zamani inayofanya kazi. Mtu mmoja abaki dukani na redio inayouzwa; mwingine achukue ile ya zamani, aende mbali, kilomita moja hivi. Wawili wakisimama karibu mno, nguvu ya mawimbi ni nyingi hata redio zisizolingana vizuri zaweza kusikia. Wakiwa mbali, kweli hudhihirika. Wa kwanza aseme, wa pili ajibu, kisha wabadilishane. Kila chaneli ijaribiwe, na kusema kujaribiwe sawa na kusikia. Wala wasijaribu katika masafa ya watu wengine, bali katika yale ya leseni yao.

Baada ya hayo ndipo waangalie mambo mengine: betri ishikayo moto wa umeme siku nzima, chaja iliyo ya redio ile ile, antena isiyovunjika, kitufe kisicholegea. Mambo hayo ni ya maana, lakini yote yaweza kununuliwa au kutengenezwa. Masafa yasiyolingana hayatengenezwi kwa bisibisi.

Mtu aweza kusema, “Kwa nini tusinunue redio ishikayo VHF na UHF pamoja?” Ziko redio za namna hiyo, kama Baofeng UV-5R, nazo si ghali. Lakini mlango ulio wazi kwa kila mtu hutaka mwenye nyumba mwangalifu. Redio hizo zaweza kuingia katika masafa ya watu wengi, na mkono wa mtoto au wa mzembe waweza kubadili chaneli. Lazima ziwe katika leseni kama nyingine, na mwenye kuzitumia afundishwe kwanza.

Waswahili husema kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kuuliza dukani kwaweza kuchukua nusu ya siku, na muuzaji aweza kununa. Lakini nusu ya siku Moshi mjini ni kitu kidogo. Mpagazi aliye na mgonjwa pale Kibo usiku, akibonyeza kitufe na kuita, hataki kitu kingine ila sauti ya mwenzake ikimjibu.

MASWALI

1. Redio ya upepo yatofautianaje na redio ya nyumbani?
2. Tafuta urefu wa wimbi la megahezi 100, na la megahezi 400.
3. Masafa ya kikundi fulani ni megahezi 155. Wameonyeshwa redio tatu: ya kwanza 136 mpaka 174, ya pili 403 mpaka 470, ya tatu 450 mpaka 512. Watachagua ipi, na kwa sababu gani?
4. Kwa nini redio isikiayo bila kuweza kujibu ni hatari kuliko redio iliyo kimya?
5. Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi ugawaji wa masafa unavyofanana na ugawaji wa maji ya mfereji.
6. Kwa nini wanaojaribu redio yapasa waachane mbali?